Sura ya Nne: Chagua Viza Kabla ya Chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa mwezi Julai, familia nyingi za Tanzania zenye mtoto wa kwenda kusoma nje huanza mambo kinyume. Kwanza hutafutwa chuo. Picha za majengo huzungushwa kwenye simu, ada hulinganishwa, na binamu aliyewahi kusoma ng'ambo huulizwa kuhusu baridi. Barua ya udahili ikifika, watu hushukuru Mungu, chakula hupikwa, majirani huambiwa. Viza hukumbukwa mwishoni, kana kwamba imebaki kugongewa mhuri tu. Kenya nako ni hivyo hivyo, ila matokeo ya KCSE huwa yametoka mapema zaidi.

Mimi nasema mpangilio huo ugeuzwe. Viza ndiyo inayoamua mwanafunzi ataruhusiwa kufanya kazi saa ngapi kwa wiki, kama mwenzi wake ataweza kumfuata, na kama akihitimu atapewa muda wa kutafuta kazi au atafunga mizigo. Ndiyo pia inayoamua jambo ambalo wazazi hulifikiria wakiwa wamechelewa: fedha kiasi gani zionekane, kwenye akaunti ya nani, na kwa muda gani. Chuo kizuri katika nchi ambayo masharti yake ya viza huyawezi ni chuo ambacho hutasomea.

Kitu cha kwanza kukielewa ni kwamba barua ya kawaida ya udahili, ile yenye nembo na maneno ya pongezi, peke yake haitoshi kuombea viza. Kila nchi ina karatasi yake inayokifunga chuo na serikali. Marekani ni fomu I-20, ambayo hutolewa na chuo kilichoidhinishwa na mpango wa serikali uitwao SEVP. Uingereza ni namba ya CAS, inayotolewa na chuo chenye leseni ya kudhamini wanafunzi wa kigeni. Kanada chuo lazima kiwe katika orodha ya vyuo vinavyotambuliwa kupokea wageni, na tangu mwaka 2024 waombaji wengi wanatakiwa pia kuwa na barua ya uthibitisho kutoka serikali ya jimbo. China ni fomu JW201 kwa wenye ufadhili wa serikali na JW202 kwa wanaojilipia. Kabla hujalipa hata senti moja ya ada, kiulize chuo: karatasi hii mtanipa lini, na kwa masharti gani? Chuo kinachobabaika kujibu swali hilo kiache.

Mjomba na taarifa yake ya benki

Fedha ndizo zinazowatesa watu wetu zaidi, na si kwa sababu hazipo. Tumtazame msichana aliyemaliza kidato cha sita Morogoro, amefaulu, na mfadhili wake ni kaka wa mama yake, mfanyabiashara wa mchele Ifakara. Anampigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Nimesikia umefaulu. Hongera sana."

"Asante, mjomba. Baba amesema nikupigie mwenyewe. Ubalozi wanataka taarifa ya benki ya mtu anayenilipia, ya miezi sita."

"Si nimeshasema nitalipa? Nitawaandikia barua, nitaweka na sahihi. Taarifa ya benki ya nini tena?"

Mjomba hana ubaya. Kwake yeye, neno alilotoa mbele ya ndugu lina uzito kuliko karatasi, na kumfungulia mtoto wa dada yake akaunti yote, deni la huku na mauzo ya kule, ni kuvuliwa nguo. Lakini tuseme amekubali. Taarifa inachapishwa, na ukiisoma kama atakavyoisoma afisa wa viza, unaona hivi: Januari hadi Aprili salio halivuki shilingi laki nane. Mei linaingia pango la duka dogo. Kisha tarehe 3 Juni zinaingia milioni 28 kwa mkupuo, fedha taslimu, bila maelezo. Tarehe 10 Juni taarifa inachapishwa.

Sisi tunajua kilichotokea. Utajiri wa mjomba haukai benki. Umo kwenye magunia ghalani, kwenye ng'ombe walioko kwa mtu mwingine, kwenye kiwanja alichokinunua kabla barabara haijapita. Mtoto alipofaulu, akauza kiwanja. Hiyo ni heshima kubwa ambayo mjomba anaweza kumfanyia mpwa wake. Afisa hamjui mjomba wala kiwanja. Anachokiona ni fedha zilizotokea ghafla, na kwa afisa fedha zilizotokea ghafla zinaweza kuwa za kuazima, za kuwekwa wiki moja na kurudishwa kwa mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na hakuna mahali msemo huo unapouma kama kwenye dirisha la viza.

Dawa yake ni karatasi. Mkataba wa mauziano ya kiwanja uliogongwa muhuri wa wakili, stakabadhi ya malipo, leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na risiti za TRA za miaka miwili, barua ya SACCOS kama kuna mkopo, na vyeti vya kuzaliwa vya mama na vya mjomba vinavyoonyesha kwamba kweli ni ndugu. Kenya, ambako ada nyingi huchangwa kwa harambee, tatizo ni lile lile kwa sura nyingine: michango midogo midogo mia mbili iliyoingia kwa M-Pesa ndani ya siku kumi. Weka orodha ya wachangiaji, kadi ya mwaliko, barua ya mchungaji, imamu au chifu. Usione aibu kuieleza harambee kama ilivyo. Ni njia halali ya kulipia masomo, na maelfu ya Wakenya wamesomeshwa hivyo tangu kabla ya uhuru.

Hapa ndipo nchi zinapotofautiana sana, na ndiyo sababu nasema viza ichaguliwe kwanza. Marekani haijali mfadhili ni nani ilimradi uhusiano ueleweke na fedha ziaminike, mjomba anakubalika. Ujerumani fedha huwekwa kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, kwa hiyo nani amezitoa si jambo kubwa. Uingereza ni kinyume kabisa. Kama hujafadhiliwa rasmi, fedha lazima ziwe katika akaunti yako, ya mwenzi wako, au ya mzazi au mlezi wako wa kisheria. Mjomba wa Ifakara, hata awe na mabilioni, hana nafasi, isipokuwa fedha zihamishiwe kwa mwanafunzi au mzazi zikae huko. Na zikae kweli: siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na mwisho wa siku hizo uwe ndani ya siku 31 kabla ya kutuma ombi. Mtu anaweza kuwa na fedha zote, akatoa kidogo siku ya ishirini kununua begi, akanyimwa viza kwa ajili ya begi hilo.

Ujerumani: masharti yaliyoandikwa wazi

Kwa familia ya kipato cha kati, yenye subira, mimi huwa nataja Ujerumani kwanza. Vyuo vikuu vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo hata kwa wageni. Hulipwa mchango wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti, kwani tangu 2017 wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula, na baadhi ya vyuo kwingineko, kama Chuo Kikuu cha Ufundi cha München, navyo vimeanza kutoza. Bado ni nafuu kubwa ukilinganisha na Uingereza au Marekani.

Viza yenyewe ni ile ya kitaifa, aina ya D, na ada yake ni euro 75. Kiini chake ni Sperrkonto, akaunti ya kuzuiliwa. Unaweka fedha za mwaka mzima kabla ya kuondoka, na ukifika unaruhusiwa kutoa kiasi maalum kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi. Ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, au zaidi ya milioni moja na nusu za Kenya. Ni fedha nyingi. Lakini ni zako, utazila mwenyewe, na kiwango kimetajwa wazi, kwa hiyo familia inajua inakusanya kiasi gani. Aliye na ndugu Hamburg au Bonn ana njia nyingine: ndugu huyo huenda ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha kipato chake, na kutia saini hati ya kubeba gharama zako zote. Na mwenye ufadhili kamili, kwa mfano wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hahitaji akaunti hiyo.

Ugumu wa Ujerumani uko kwingine. Shahada nyingi za kwanza hufundishwa kwa Kijerumani. Cheti chako cha sekondari huenda kisikubalike moja kwa moja, ukatakiwa kupitia mwaka wa maandalizi kwenye Studienkolleg na kufanya mtihani kabla ya kuingia chuo. Kwa hilo pia kuna viza, na hata ya yule ambaye bado anatafuta chuo. Kalenda nayo haimsaidii Mtanzania: mwisho wa kuomba muhula wa majira ya baridi, unaoanza Oktoba, mara nyingi ni tarehe 15 Julai, siku ambazo matokeo ya kidato cha sita ndiyo kwanza yanatoka na baadhi ya vijana wamo kambini katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Asiyekubali kupoteza mwaka mmoja hawezi njia hii. Mwenye akili huutumia mwaka huo kujifunza Kijerumani hadi kiwango cha B1 au B2, Goethe-Institut ikiwa Dar es Salaam na Nairobi.

Tangu Machi 2024 mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Akihitimu hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake. Jambo moja limebadilika ambalo watu wa zamani hawalijui: ule utaratibu wa kuandika barua ya kupinga uamuzi, ambao wengi waliutumia walipokataliwa, ulifutwa tarehe 1 Julai 2025. Sasa aliyenyimwa hutuma ombi jipya au huenda mahakamani Ujerumani. Kwa hiyo faili la kwanza liwe kamili.

Marekani: dakika chache za kuaminiwa

Marekani ina viza tatu za masomo. F-1 ni ya vyuo na vyuo vikuu. M-1 ni ya mafunzo ya ufundi, kama urubani. Ina masharti makali zaidi, na mwenye M-1 haruhusiwi kubadilisha kuwa F-1 akiwa ndani ya nchi. J-1 ni ya mabadilishano ya kielimu, ambayo msingi wake ni sheria ya Fulbright-Hays ya mwaka 1961, na ndiyo wanayosafiria wengi wa wafadhiliwa wa Fulbright.

Kuhusu J-1, soma hati yako ya DS-2019, ambayo kwa J-1 ndiyo hushika nafasi ya I-20, kabla ya kutia saini. Wengi wanaofadhiliwa na serikali hufungwa na sharti la kurudi nyumbani na kukaa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu au viza ya kazi ya H. Silioni sharti hilo kuwa dhuluma, kwani fedha za umma zilitolewa ili ujuzi urudi. Dhuluma ni mtu kuligundua akiwa amekwisha kuoa Ohio na ana mtoto.

Mlolongo wa F-1 si mgumu kuukariri. Ukishapata I-20 unalipa ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, unajaza fomu ya ombi DS-160 mtandaoni, unalipa dola 185 za ombi, unapanga miadi ubalozini, Msasani au Gigiri. Kinachowaangusha watu ni mahojiano. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamtaka afisa amchukulie kila mwombaji kuwa anataka kuhamia moja kwa moja, mpaka mwombaji amthibitishie vinginevyo. Yaani unafika dirishani ukiwa tayari unadaiwa maelezo. Na mahojiano mengi huisha ndani ya dakika chache, umesimama, kioo katikati yenu, bahasha yako nene ya vyeti pengine haijafunguliwa hata kidogo.

Afisa atauliza: kwa nini chuo hiki? Kijana aliyefundishwa majibu na wakala hujibu kwamba ni chuo bora chenye mazingira rafiki ya kujifunzia. Afisa amelisikia jibu hilo asubuhi nzima. Mwingine husema: "Nataka kusoma umwagiliaji. Baba yangu analima mpunga Kilombero, na maji yakizidi tunapoteza shamba. Chuo hiki kina shahada ya uhandisi wa kilimo na wamenisamehe nusu ya ada. Nusu nyingine analipa mjomba." Jibu hilo limebeba kozi, sababu, fedha na mahali pa kurudi, na halikukaririwa. Lugha ikiteleza kidogo si neno. Kinachotafutwa ni mtu anayeijua safari yake mwenyewe.

Tofauti kati ya viza na hadhi huwachanganya hata waliokwisha kufika. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ya kukufikisha mlangoni. Ukishaingia, kinachokuweka halali ni kubaki masomoni kwa muda wote na I-20 yako kuwa hai. Viza inaweza kuisha ukiwa chuoni na usiwe na kosa, ila ukitoka nje ya nchi utahitaji mpya ili urudi. Lakini ukipunguza masomo chini ya kiwango bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, au ukafanya kazi mgahawani mtaani mwaka wako wa kwanza, umevunja hadhi hata kama viza inasoma miaka miwili mbele. Kazi inayoruhusiwa mwanzoni ni ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ukihitimu unaweza kuomba mwaka mmoja wa kazi ya mafunzo katika fani yako, na waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huweza kuongezewa miezi 24.

Sasa jambo zito. Tarehe 4 Juni 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri iliyosimamisha utoaji wa viza za F, M na J kwa raia wa Burundi. Desemba mwaka huo amri nyingine iliiingiza Tanzania katika kundi hilo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kenya, Uganda na Rwanda hazikuwamo katika amri hizo mbili. Amri za namna hii huwa na misamaha na hupitiwa upya, kwa hiyo Mtanzania au Mrundi anayesoma sura hii aangalie hali ya siku hiyo kabla hajalipia chochote. Wapo vijana waliokwisha kupata vyuo, wengine kwa ufadhili, wakabaki na barua mkononi. Mlango uliofungwa kwa saini ya mtu mmoja hauupimi uwezo wako. Lakini unakuonyesha kwa nini hupaswi kuomba nchi moja tu.

Mwaka 2025 pia Marekani ilianza kuwataka waombaji wa F, M na J waache wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Kufuta kila kitu usiku wa kuamkia mahojiano kunaweza kuzua shaka kuliko ulichokiandika. Hakikisha tu kwamba ulichosema kwenye DS-160 na kinachoonekana kwenye kurasa zako haviko mbalimbali.

Uingereza na Kanada

Uingereza huhesabu alama: 70, kati yake 50 ni za CAS, 10 za fedha na 10 za Kiingereza. Faili likikamilika hakuna mengi ya kubahatisha. Uchungu uko kwenye bei. Tangu Novemba 2025 fedha za kujikimu ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London na 1,171 kwa wa nje ya London, kwa miezi tisa. Hiyo ni pauni 13,761 au 10,539, juu ya ada ya mwaka wa kwanza. Kisha kuna tozo ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote kabla ya kusafiri. Kwa kuwa viza huzidi urefu wa kozi kwa miezi kadhaa, uzamili wa mwaka mmoja hugharimu tozo ya pauni 1,164, na shahada ya miaka mitatu hufika 2,716. Nimeona wazazi wakipiga hesabu ya ada na nauli, tozo hii ikawakuta wameshamaliza fedha. Waombaji kutoka nchi zetu hutakiwa pia kuwa na cheti cha kupimwa kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, na miadi yake huchukua muda.

Tangu Januari 2024 wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza na wa uzamili wa kawaida hawaruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto. Walioachiwa ni wa uzamivu na wa uzamili wa utafiti, pamoja na wenye ufadhili wa serikali. Ni sharti linalowagusa sana walimu na wauguzi wetu wenye familia. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili alijue hili kabla ya kulipa amana, si baada. Viza ya baada ya kuhitimu ni miaka miwili, lakini kwa watakaoiomba kuanzia Januari 2027 itakuwa miezi 18, isipokuwa wa uzamivu wanaobaki na miaka mitatu.

Kanada ndiyo iliyogeuka haraka kuliko zote. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa nchi ya wema. Januari 2024 serikali ikaweka kikomo cha idadi ya vibali vya masomo na kupandisha fedha za kujikimu kutoka dola 10,000 za Kanada hadi 20,635. Septemba 2025 zikafika 22,895, mbali na ada na nauli. Familia ya harambee ina faida moja hapa: inaweza kugeuza michango kuwa amana maalum, iitwayo GIC, katika benki ya Kanada kwa jina la mwanafunzi, na hiyo hupokewa kama uthibitisho wa fedha. Kazi ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo. Anayeomba uzamili au uzamivu katika chuo cha umma amepata afueni, kwani kuanzia Januari 2026 hahitaji tena barua ya jimbo. Kwa shahada za chini, ushindani umekuwa mkali, na sishauri mtu aweke matumaini yake yote huko.

China na India nazitaja kwa ufupi, ingawa zimesomesha madaktari na wahandisi wetu wengi na hazipati sifa zinazostahili. Viza ya China kwa masomo ya zaidi ya siku 180 ni X1, na ukifika una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, ukizipitisha, faini. Kazi hairuhusiwi bila idhini ya chuo na ya ofisi ya uhamiaji, kwa hiyo usiende kwa hesabu ya kujilipia kwa vibarua. India mwanafunzi wa muda mrefu hujiandikisha katika ofisi ya wageni ndani ya siku 14.

Karatasi za kughushi

Mwaka 2015 ilianza kuonekana shule katika vitongoji vya Detroit iliyojiita University of Farmington. Ilikuwa na tovuti na nembo, na ilikuwamo katika orodha rasmi ya vyuo vinavyoruhusiwa kutoa I-20. Haikuwa na mwalimu hata mmoja. Iliendeshwa na maafisa wa uhamiaji wa Marekani waliojificha, ili kuwanasa madalali wanaouza hadhi ya uanafunzi. Januari 2019 ilipofichuliwa, wanafunzi wapatao 600, wengi wao kutoka India, walikuwa wamejiandikisha na kulipa. Wengi walikamatwa, wengine wakaondoka kwa hofu. Wapo waliosema walidanganywa na kwamba walipouliza vipindi vinaanza lini walipigwa danadana. Mimi naamini serikali ile ilifanya ukatili. Lakini kwa kijana wa kwetu funzo ni kwamba orodha rasmi peke yake haikulindi. Uliza ratiba ya vipindi. Tafuta mtu anayesoma pale sasa, umpigie. Shule inayokupa karatasi bila kukupa darasa, kimbia.

Hata chuo halali chaweza kukuacha njiani. Agosti 2012 London Metropolitan University ilinyang'anywa leseni ya kudhamini wanafunzi wa kigeni, na zaidi ya wanafunzi 2,000 wakaambiwa watafute chuo kingine au waondoke. Tazama historia ya leseni ya chuo kama unavyotazama ada.

Na kuna mawakala. Wapo waaminifu, wanaolipwa na vyuo na kufanya kazi safi. Ila kanuni ninayoishikilia ni kwamba wakala asikujazie fomu usiyoisoma, wala asikuwekee fedha zisizo zako. Mwaka 2023 wanafunzi wengi wa India waliokwisha kuhitimu Kanada walikabiliwa na kurudishwa kwao baada ya kugundulika kwamba barua zao za udahili, zilizotoka kwa wakala, zilikuwa bandia. Tangu Desemba mwaka huo kila barua huthibitishwa na chuo husika. Adhabu ya viza haimwangukii wakala; inamwangukia mwenye sahihi. Kanada ni miaka mitano ya kutoruhusiwa kuomba. Uingereza ni kumi. Marekani, aliyepatikana amedanganya kwa jambo la msingi huzuiwa maisha, labda apewe msamaha maalum. Kunyimwa viza kwa kukosa fedha kunarekebishika mwakani. Kughushi taarifa ya benki ukiwa na miaka 19 kunaweza kukufuata mpaka uwe bibi au babu unayetaka kwenda kuwaona wajukuu.

Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi na uisome neno kwa neno. Marekani hukuruhusu kuomba tena wakati wowote, kwa kulipa upya, lakini ukirudi na faili lile lile utapata jibu lile lile. Subiri mpaka kitu kimebadilika kweli: ufadhili umeongezeka, akaunti imekaa miezi sita, kozi imeeleweka. Na ombi jipya, hata la nchi nyingine, linaweza kukuuliza kama umewahi kunyimwa viza. Jibu ndiyo.

Kama mwanao yuko kidato cha tano sasa hivi, mzazi, una muda wa kutosha. Fungua akaunti kwa jina lako, siyo la mjomba, na uanze kupitisha mauzo yako humo, hata kidogo kidogo, kila wiki. Chukua cheti cha kuzaliwa RITA, na uhakikishe jina la mtoto limeandikwa sawa na la kwenye cheti cha NECTA, herufi kwa herufi. Ombeni pasipoti mapema. Kisha keti na mwanao, fungueni tovuti ya serikali ya kila nchi mnayoifikiria, msome masharti ya viza pamoja mpaka mwisho, ndipo mtafute chuo.